Maji ya Kumwoshea Hawa

Niliporudisha ufunguo wa chumba cha kuoshea, mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi aliniomba niandike maneno machache kwa ajili yenu wanawake mnaoingia kazini sasa. Nikamwuliza, "Machache kiasi gani?" Akasema kiasi chochote nitakachopenda. Hilo ni kosa lake. Nimeosha maiti wa kike hapa Johannesburg tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na mtu aliyefanya kazi muda mrefu na watu wasioongea huwa ana akiba kubwa ya maneno.

Sitasimulia vikao wala vyeo. Kwenye kazi yetu mkubwa ni yule aliyelala kwenye kitanda cha kuoshea, wengine wote ni watumishi wake. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na habari za Hawa, maana najua wengine mmezisikia vipande vipande.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja huku kumfuata mume wangu, Bakari, aliyekuwa akishona suti kwenye duka moja la Fordsburg. Tulipanga chumba Mayfair, karibu na msikiti. Ijumaa moja, baada ya sala, mama mmoja mfupi mwenye miwani alisimama upande wetu wa wanawake akauliza kwa Kiingereza, "Kuna anayejua Kiswahili hapa?" Nikanyoosha mkono. Nikadhani anatafuta mkalimani. Alinishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya msikiti, akanifungulia mlango wa chumba cheupe chenye baridi. Ndani alilala mwanamke wa Mtwara ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja katika mji huu.

"Mimi najua kumwosha," yule mama akaniambia, "lakini sijui kumsemesha. Nataka mtu amwambie kwa lugha yake kila tunachomfanyia."

Huyo ndiye Anti Rukaya. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg, katika ukoo wa Waislamu waliotoka zamani Rasini, kule ncha ya kusini ya nchi hii, na kazi hii aliirithi kwa mama yake, naye kwa bibi yake. Kiingereza chake kilikuwa kimechanganyika na Kiafrikana, nami changu kilikuwa cha kuombea mkate tu, lakini tulielewana. Aliniambia nifungue maji. Nikalifungua bomba kwa pupa mpaka mwisho, mpira wa maji ukaruka ukatulowesha sote wawili. Akalifunga taratibu.

"Unamwogopa?"

"Ndiyo, Anti."

"Basi mwogope kwa kopo."

Akanipa kopo la bati lenye mdomo mwembamba. Siku ile nikajua kwamba mtu mzima anaweza kuoshwa vizuri, kuanzia kichwani hadi nyayoni, kwa maji ambayo wengine tunayamaliza tukisubiri bomba litoe ya moto. Siri ni mkono. Mkono utangulie, maji yafuate. Upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Maji ya kwanza yenye majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ya mwisho yenye kafuri. Yapime kwa ndani ya kifundo cha mkono wako, kama unayapimia mtoto mchanga. Na mwili usifunuliwe zaidi ya pale unapoosha, hata mkiwa wawili tu na mlango mmeufunga.

Nilimsemesha yule dada wa Mtwara. "Dada, sasa tunakuosha mkono. Dada, tunakugeuza kidogo, utuwie radhi." Mpaka tunamfunga sanda, hofu ilikuwa imenitoka bila kuniaga.

Miaka ile maji ya mji huu yalikuwa hayajui kukatika. Bomba ulikuwa ukilifungua linanguruma. Kwa hiyo ubahili wa Anti Rukaya ulinishangaza, na siku moja nilimwuliza kwa nini tunajibana wakati maji ni tele. Alikuwa akikunja sanda. Akanikumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkanya sahaba wake asifanye israfu ya maji katika udhu hata akiwa kwenye mto unaopita. Kisha akasema, "Israfu haisubiri maji yaishe ndipo iwe dhambi, mwanangu. Hayo maji si yetu. Tumeachiwa tu."

Hivyo ndivyo alivyouona ulimwengu mzima. Hakuwahi kutumia maneno makubwa ninayoyasikia siku hizi redioni, tabianchi na nini. Aliita amana. Ardhi ni amana, na maiti ni amana inayorudishwa kwa ardhi, kwa hiyo irudishwe safi: pamba tupu, hakuna nailoni, hakuna plastiki chini ya sanda, hakuna kitu kitakachobaki kaburini baada ya mifupa kwisha. Aligombana na wauza vifaa waliotuletea shuka za nailoni kwa sababu eti zinang'aa. "Zimng'arie nani?" aliwauliza.

Anti Rukaya alifariki akiwa mzee sana, kwa utulivu, na nilimwosha mimi. Hayo nitayaweka moyoni. Lakini baada yake mji ulibadilika. Mliozaliwa hapa mnajua zamani mvua za majira ya joto zilivyokuwa: asubuhi jua, alasiri wingu jeusi, radi, mvua ya haraka, halafu harufu ya lami iliyolowa. Ungeweza kupanga mazishi kwa kuzitegemea. Siku hizi zinachelewa mpaka majani ya bustanini yanakuwa kama karatasi, halafu zinakuja kwa hasira, na mvua ya mawe inayovunja vioo vya magari. Ongezea mabomba yaliyochakaa ardhini, ongezea joto. Tukaanza kujifunza maisha ya madumu.

Hawa alifariki katika majira ya joto kama hayo.

Alikuwa msichana wa Buyenzi, kule Bujumbura, ambako Waislamu wake huzungumza Kiswahili kizuri kuliko changu, wanavyodai. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni. Aliishi Hillbrow na mumewe, Ramadhani, mlinzi wa jengo la ofisi huko Sandton. Walikuwa ghorofa za juu katika jengo lenye watu wa kila nchi. Siku zile joto halikushuka hata usiku, na maji yalikuwa yamekatika karibu mji mzima. Asubuhi moja moyo wake ukachoka. Daktari alikuja akathibitisha, akaandika cheti, na Ramadhani akanipigia simu.

"Mama Zuhura," alisema, "Hawa ametutoka." Nikasikia watu wanalia nyuma yake.

Bomba la chumba chetu cha kuoshea lilikuwa kavu. Lori la maji lilikuwa limeahidiwa, na ahadi za malori mnazijua. Matangi madogo tuliyokuwa nayo tulishayamaliza kwa maiti wa siku zilizotangulia. Kukaa na Hawa katika joto lile tukisubiri lori kungekuwa kumdhalilisha. Nikaona afadhali nimfuate kwake. Tukapakia kitanda chetu cha kukunja, beseni, sanda, mkunazi, kafuri na kopo, mimi na mwenzangu Shamim, tukaenda Hillbrow. Umeme nao ulikuwa umekatika, lifti imelala. Vijana wa mlangoni walitubebea kitanda ngazini, nasi tukapanda nyuma yao tukipumzika kila kibaraza cha ngazi kama mbuzi wagonjwa.

Mlangoni kwa Ramadhani alikuwa amesimama mama mmoja wa Kikongo, mnene kiasi, kitambaa kichwani. Ni Mama Furaha, jirani yao, msusi wa nywele kutoka Bukavu, Mkristo wa kanisa la kuimba na kucheza. Alinishika mikono miwili.

"Mama, njo uingie. Ule dada alikuwaka rafiki yangu sana. Tuko tunakusanya maji. Haiko mingi, lakini iko."

Nikatazama ndani. Mezani palikuwa na birika, chupa za soda, jagi la plastiki lenye maua, sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Mama Furaha alikuwa amepita mlango kwa mlango. Bibi mmoja wa Kizulu wa ghorofa ya chini alitoa birika lake lote la chai. Dada wa Zimbabwe alitoa chupa aliyokuwa ameificha chini ya kitanda, na akasema wazi kwamba alikuwa ameificha. Watu waliokuwa hawajaoga kwa siku kadhaa walikuwa wamemletea Hawa maji ya kuogea.

Nilivipanga vyombo vile mezani, kimoja kimoja, kwa mikono miwili.

Hata hivyo yalikuwa machache. Nilipiga hesabu ya kichwani kama alivyonifundisha Anti Rukaya: haya yanatosha kumwosha mara moja, mwili mzima, kwa uangalifu. Sunna ni mara tatu. Faradhi ni moja. Ramadhani aliniona ninavyotazama, akaelewa.

"Hayatoshi, Mama Zuhura?"

"Yanatosha kwa faradhi, baba."

"Eish." Akakaa kwenye kochi, kichwa mikononi. "Mama yake ataniuliza. Alinipa binti mzima, mkono kwa mkono. Nitamwambia nimemzika kwa kumnyunyizia?"

Mama Furaha akatoka bila kusema kitu. Alirudi amembeba mwanawe mgongoni, mtoto wa miezi michache, na mkononi ameshika dumu dogo la manjano na chupa ya chai ya kutunzia moto. Akaviweka mezani.

"Na hii."

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ni yangu."

"Mama Furaha, haya maji ni ya nini?"

Akatazama pembeni. Mtoto alikuwa akinyonya ngumi yake. "Iko ya maziwa ya mtoto," alisema hatimaye. "Miye sina maziwa ya kutosha kifuani. Nachanganyaka ya unga. Lakini Mungu ataleta ingine. Hawa alinibebea huyu mtoto wakati nilikuwa mgonjwa. Chukua, mama."

Ramadhani aliinua kichwa. Sitamsahau alivyolitazama lile dumu, kama mtu aliyeona mlango umefunguliwa. Na mimi ndiye niliyepaswa kuufunga.

Wenzangu, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Kumwaga maji kila mtu anaweza. Nilimwambia Ramadhani, taratibu, kwamba dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Aliye hai anayehitaji kunywa ametangulia. Kama maji yaliyopo ni ya kunywa ya watu, hata kama ni ya mnyama mwenye kiu, maiti anatayamamishwa, yaani anapanguswa kwa udongo safi badala ya kuoshwa, na anazikwa mtukufu kama aliyeoshwa kwa mto mzima. Sasa hatujafika huko. Majirani wametupa ya kutosha mara moja. Lakini ya mtoto, hapana.

"Mara tatu ni sunna," akasema, sauti imempasuka. "Unamnyima Hawa sunna?"

"Huyu hapa naye anamwomba Hawa maji," nikasema nikimwonyesha mtoto mgongoni. "Ungemwuliza Hawa mwenyewe angesemaje?"

Alilia, na nilimwacha alie. Baada ya muda aliinuka, akachukua dumu na chupa, akavirudisha mwenyewe kwa mikono yake hadi chumba cha pili, kwa Mama Furaha, naye akimfuata nyuma. Nikasikia huyo mama akilia kule.

Tukafunga mlango, mimi na Shamim. Yale maji sikuwahi kuyatumia kwa heshima kama siku ile. Kila tone lilikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nikimwambia Hawa, "Haya ya bibi wa chini. Haya ya dada wa Zimbabwe." Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri mno, mistari midogo midogo, kazi ya Mama Furaha. Tunatakiwa kuzifumua, tuzioshe, tuzisuke upya mikia mitatu. Nilizifumua polepole na nilihisi naharibu barua ya mtu. Kopo la mwisho, lenye kafuri, lilifika hadi vidole vya miguu, likaisha hapo hapo.

Tulipomaliza kumvika sanda, simu ya Ramadhani ikalia. Ni mama yake Hawa, kutoka Buyenzi. Ramadhani alinipa simu kwa sababu yeye hakuweza tena kusema. Nikajitambulisha, nikampa pole.

"Umemwosha wewe?"

"Mimi, mama."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kusema tatu. Nani angejua? Lakini maiti alikuwa amelala pale, na nilikuwa na harufu ya kafuri mikononi.

"Mara moja, mama. Maji hayakuwepo mji mzima. Tulimwosha mwili wote, kwa mkunazi na kafuri."

Kisha akasema, pole pole, "Mara moja. Kama mtu aliyeokotwa njiani." Akakata simu.

Tulimzika alasiri ile ile. Kaburi lilichimbwa katika udongo mkavu uliokuwa ukiporomoka, na wachimbaji walilazimika kuushikilia kwa mbao. Maneno ya mama yule niliondoka nayo makaburini, nikalala nayo, nikaamka nayo. Sikuwa na shaka na hukumu niliyoitoa. Lakini unaweza kuwa sahihi na moyo ukauma vile vile.

Kazi iliyofuata ndiyo mnayoiona leo. Nilikwenda kwa kamati ya msikiti nikaomba tangi kubwa la mvua nyuma ya chumba cha kuoshea. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikakaa tena. Mzee mmoja alisema maji ni jambo la manispaa, si la dini. Maulana wetu, kijana mpole mwenye ndevu chache, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha Ijumaa iliyofuata akahubiri habari za Hawa bila kumtaja jina. Alisema Mwenyezi Mungu ameweka mizani katika kila alichokiumba, akatukataza tusiidhulumu. Na kwamba tumeidhulumu, matajiri kwanza kisha sisi sote, kwa moshi, kwa pupa, kwa mabomba yanayovuja tunayoyapita kila siku bila kuguswa. "Msikiti wenye paa kubwa namna hii," alimalizia, "unaacha rehema ya Mungu iishie mtaroni?" Wanaume walitoka wakitazama paa, kana kwamba limejengwa jana.

Mifereji ikawekwa, na tangi, na chujio. Jifunzeni kuacha mvua ya mwanzo ioshe paa kwanza, itoke na vumbi na kinyesi cha njiwa, ndipo mfungulie tangi. Njiwa wa Mayfair hawana adabu. Maji ya udhu tukayaelekeza kwenye miti ya uani. Ya kuoshea maiti tunayaacha yaende zake kwenye bomba la maji machafu, msije mkachanganya. Na nailoni za wauza vifaa zimekwisha kabisa chumbani kwetu.

Mvua ya kwanza ilipojaza tangi, nilimpigia simu Mama Furaha aje achote. Tangu wakati huo, maji yakikatika, majirani wa dini zote wanapanga foleni pale nyuma ya msikiti. Yeye huja na mwanawe, ambaye sasa anatembea na kumwaga nusu ya anachopewa. Nimemfundisha kopo. Bado.

Kisha, mwaka jana, mama yake Hawa akaja.

Ramadhani alimleta, bila kunitayarisha. Mama mrefu, mweusi wa kung'aa, baibui limepigwa pasi vizuri, ametoka kuzuru kaburi na vumbi la makaburini liko kwenye viatu vyake. Nilisimama. Nilikuwa nimetunga maneno ya siku hii mara nyingi, na yote yakanikimbia.

"Wewe ndiye Zuhura?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alizungusha macho chumbani, akatazama kitanda, rafu ya sanda, madirisha. "Ramadhani amenipeleka kwa yule mama wa Kikongo. Nimemwona mtoto."

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Nimempakata yule mtoto," akasema. "Mzito. Alinivuta miwani." Akaisogeza miwani yake ikae sawa. "Nilikuwa nimekuja na maneno makali kutoka nyumbani, nilikuwa nimeyabeba kama mzigo wa ndege. Nimeyaacha kule Hillbrow. Lakini kuna jambo moja nalitaka."

"Sema, mama."

"Mimi ndiye niliyemwogesha siku aliyozaliwa. Siku ya mwisho haukuwepo mkono wangu. Nionyeshe ulivyofanya."

Alikunja mkono wa baibui hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya kitanda, kiganja kikitazama juu, na akafumba macho.

Nilichota maji ya mvua tangini, nikayapasha moto kidogo, nikayapima kifundoni mwangu. Nikasoma bismillahi. Mkono wangu ukatangulia, maji yakafuata, kuanzia vidoleni, kimoja kimoja, katikati yake, mpaka kiwikoni. Nilimwambia niliyomwambia Hawa, haya ya bibi wa chini, haya ya dada wa Zimbabwe, na jinsi nilivyofumua nywele, na jinsi maji yalivyofika vidole vya miguu. Ramadhani alikuwa amegeukia ukuta. Nilimaliza, nikaufuta mkono kwa kitambaa cha pamba.

Mama akabaki amefumba macho.

"Mara moja hivi?" akauliza.

"Mara moja hivi, mama."

Akafumbua macho, akaushusha mkono wa baibui na kufunga kifungo.

"Basi," alisema. "Mwanangu ameoga."